Franz Stampfl: Kocha aliyepima uchovu kwa saa, akaandaa kijana wa kumpiku Kiprugut

Jumamosi ya Oktoba 12, 2019 wengi wetu tulikuwa tumekodolea macho runinga au simu. Eliud Kipchoge alikuwa Vienna, Austria, akipita ndani ya bustani ya Prater huku kundi la wawekaji kasi likipokezana kumkinga dhidi ya upepo, mpaka alipokamilisha kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Siku hiyo watangazaji walimkumbuka Roger Bannister, Mwingereza aliyevunja ukuta wa aina hiyo hiyo mwaka wa 1954 alipokuwa binadamu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Jina la kocha wa Bannister halikusikika sana. Kumbe jamaa alikuwa mzaliwa wa mji huo huo ambao Kipchoge alikuwa akiutimkia.

Franz Stampfl alizaliwa Vienna Novemba 18, 1913. Ukisikia leo kwamba ni mmoja wa watu walioingiza sayansi kwenye mazoezi ya mbio, utadhani alikuwa daktari au profesa wa maabara. Wapi! Alikuwa msanii aliyesomea uchoraji, na upande wa michezo alikuwa mtu wa kurusha mkuki na kuteleza kwenye theluji. Kwa kuanza hivyo, hakuna ambaye angempigia ramli ya kuwa kocha wa watimkaji.

Siasa ndizo zilizomtoa kwao. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, Wanazi wakizidi kupata nguvu upande wa pili wa mpaka, Stampfl alihamia Uingereza. Huko akajitafutia riziki kwa kufundisha riadha. Vita vya Pili vya Dunia vilipolipuka, Waingereza walianza kuwakamata watu wengi wenye asili ya Ujerumani na Austria, hata wale waliokuwa wamemkimbia Hitler mwenyewe. Stampfl akatiwa ndani kama adui. Meli iliyokuwa ikiwapeleka yeye na wenzake Canada ilipigwa topido na kuzama Julai 1940, na mamia ya watu wakafa. Yeye alinusurika baada ya kukaa majini saa kadhaa.

Hata hakupewa nafasi ya kupumua vizuri. Wiki ya pili ya Julai walionusurika wengi walipakiwa kwenye meli nyingine, Dunera, iliyobeba wafungwa kama 2,500 katika hali mbaya sana. Safari ilichukua karibu miezi miwili, na mwisho wake ulikuwa kambi ya wafungwa huko Australia. Nataja haya kwa sababu baadaye wanariadha wake walisema kocha huyu alikuwa na namna ya pekee ya kuzungumzia maumivu. Mtu akikuambia maumivu ya raundi ya mwisho yanavumilika, na unajua alikotoka, unamsikiliza.

Vita vilipoisha alirudi London akiwa na mke Mwaustralia. Hakuwa na ofisi wala klabu kubwa nyuma yake. Alikuwa akifundishia kwenye uwanja wa kambi ya jeshi ya Duke of York's, mtaa wa Chelsea, na kila mwanariadha alilipa shilingi moja kwa kipindi. Wakati huo riadha ya Uingereza ilikuwa ya watu wa ridhaa, wengi wao wasomi wa Oxford na Cambridge walioona haya hata kusema kwamba wanafanya mazoezi sana. Kulipia kocha kulionekana kama ushamba. Stampfl hakujali.

Sasa tuje kwa sayansi yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Kabla ya vita, kocha Mjerumani Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell walikuwa wamechunguza jinsi moyo unavyofanya kazi mtu akikimbia vipande vifupi kwa kasi na kupumzika katikati. Kanuni yao ilikuwa rahisi kuielewa. Kimbia mpaka moyo ufike mapigo 180 kwa dakika, halafu subiri ushuke hadi 120. Ukishuka ndani ya sekunde 90, uko tayari kwa kipande kingine. Ukichelewa zaidi ya hapo, basi kazi uliyopewa ni nzito kupita uwezo wako, ama siku hiyo umeshatosha. Wakimbiaji wetu leo huita mazoezi haya intavali, na ile saa ya mkononi inayokulilia ukipandisha mapigo ukiwa Karura ni mjukuu wa wazo hilo.

Stampfl hakuvumbua intavali. Alichofanya ni kuichukua na kuipangia kalenda. Fikiria hesabu ya maili ya dakika nne: ni raundi nne za uwanja, kila moja kwa sekunde 60. Mtu ambaye hajawahi kukimbia kasi hiyo kwa raundi zote nne mfululizo hawezi kuifanyia mazoezi kwa kuirudia nzima nzima, kwa sababu hana. Lakini ukiikata vipande, ukimpa dakika mbili za kutembea polepole kati ya kipande na kipande, anaweza kukimbia raundi kumi karibu na kasi hiyo. Hiyo ni maili mbili na nusu kwa siku moja. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, misuli inazoea kufanya kazi ikiwa na tindikali, na miguu inaikariri kasi yenyewe. Kila mwezi unapunguza sekunde chache. Pumziko linabaki lile lile.

Bannister alihitaji kitu kama hicho, ingawa yeye alikuwa wa mwisho kukubali. Huyu alikuwa mwanasayansi wa kweli. Akiwa Oxford alijifanyia majaribio mwenyewe, akikimbia kwenye mashine huku akivuta hewa iliyoongezwa oksijeni, apate kujua ni nini hasa humsimamisha mkimbiaji. Hakupenda makocha, aliona mwili wake anaujua vya kutosha. Kisha Olimpiki ya 1952 kule Helsinki ikamwumbua. Waandaaji waliongeza nusu-fainali kwenye mita 1,500, ikamaanisha mbio tatu kwa siku tatu mfululizo. Bannister, aliyezoea mazoezi mepesi na mapumziko mengi, alifika fainali akiwa amekwisha na kumaliza wa nne. Aliyeshinda ni Josy Barthel wa Luxembourg, mtu ambaye wengi hawakuwa wakimjua. Na Barthel alikuwa akifunzwa na nani? Gerschler!

Kwa hivyo somo lilifika kwa njia chungu. Bannister alijua mengi kuhusu mapafu na damu, lakini mwili wake haukuwa umejengwa kuhimili mzigo. Mwishoni mwa 1953 marafiki zake wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, ambao tayari walikuwa wakifanya kazi na Stampfl, wakamvuta kundini. Kumbuka wote walikuwa na shughuli nyingine. Bannister alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika hospitali ya St Mary's, London, na mazoezi yake mengi yaliingia kwenye saa ya chakula cha mchana.

Desemba hiyo walianza: raundi kumi, kila moja kwa sekunde 66, pumziko dakika mbili. Kufikia Aprili 1954 walikuwa wameshuka hadi sekunde 61. Halafu wakakwama. Walisukuma wakasukuma, 60 ikakataa kuja. Nadhani kila mtu aliyewahi kushika programu ya jimu anaijua hali hiyo, wiki zinapita na namba haisongi, na akili inakuambia ongeza mzigo.

Wao walifanya kinyume. Bannister na Brasher waliacha kukimbia kabisa, wakapanda gari hadi milima ya Scotland, wakakaa siku chache huko wakipanda miamba. Kusema kweli, hakuna daktari wa michezo wa leo angeruhusu mwanariadha wake kuning'inia kwenye mwamba wiki chache kabla ya kujaribu rekodi ya dunia. Kifundo kimoja kikiteguka, stori ingekuwa imeishia pale. Lakini walirudi wazima, wakaingia uwanjani, na raundi kumi zikakimbiwa kwa sekunde 59.

Kilichotokea hapo ndicho kiini cha kazi nzima ya kuwaandaa wanariadha, na wataalamu wa sasa hukieleza vizuri zaidi kuliko walivyoweza wao wakati huo. Mazoezi yenyewe hayakuongezei nguvu. Yanakuvunja. Mwili hujijenga upya ukiwa umepumzika, na uchovu uliorundikana unaweza kuficha kwa wiki nzima maendeleo ambayo tayari yamo ndani. Wale vijana walikuwa na sekunde 59 miguuni hata kabla ya kwenda Scotland, ila zilikuwa zimefunikwa. Bannister alilichukua somo hilo hadi mwisho: siku tano kabla ya jaribio lenyewe hakukimbia hata kidogo.

Mei 6, 1954 ilianza na upepo mkali. Bannister alinoa misumari ya viatu vyake hospitalini asubuhi, kisha akaabiri treni ya Oxford kutoka kituo cha Paddington. Ndani ya behewa akamkuta Stampfl. Bannister alikuwa na wasiwasi, aliona upepo huo utamgharimu sekunde moja kila raundi na kwamba heri angoje siku nyingine. Stampfl alimweleza kwamba anaamini ana uwezo wa kukimbia hata 3:56, hivyo upepo ukila sekunde zake bado zinabaki za kutosha. Akamwachia pia swali la kufikiria: nafasi hii ikipita na nyingine isije, je, atajisamehe?

Hapo ndipo ninapomwona Stampfl kuwa kocha hasa, si mtu wa saa tu. Hesabu ya 3:56 ilitoka kwenye miezi mitano ya raundi zilizoandikwa daftarini. Lakini namba peke yake haingempandisha Bannister kwenye mstari. Kulihitajika mtu anayemjua ampe namba hiyo kwa wakati unaofaa.

Jioni upepo ukatulia kidogo. Katika uwanja wa Iffley Road Brasher aliweka kasi raundi mbili za kwanza, Chataway akapokea, na Bannister akafyatuka zikiwa zimebaki mita mia mbili hivi. Raundi zilikwenda kwa sekunde 57.5, 60.7, 62.3 na 58.9. Jumla ni 3:59.4. Rekodi ya Msweden Gunder Hägg, 4:01.4, ilikuwa imesimama tangu 1945.

Ukitaka kupima kocha, usimtazame mwanariadha mmoja. Oktoba mwaka huo huo Chataway alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa 13:51.6, akimpiku Vladimir Kuts wa Muungano wa Sovieti kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka wa 1956 kule Melbourne, Brasher, ambaye watu walimwona kama msindikizaji tu, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliondolewa kwanza kwa madai ya kumzuia mwenzake, akakata rufaa, akarudishiwa ushindi. Miaka 12 baadaye Amos Biwott angeshinda mbio hizo hizo na kuanza kuzigeuza shamba la Wakenya. Brasher huyo ndiye aliyeanzisha London Marathon pamoja na John Disley mwaka wa 1981, mbio ambazo zimewalipia Wakenya wangapi karo na mashamba, hesabu mwenyewe.

Kufikia wakati huo Stampfl alikuwa ameshahama. Mwaka wa 1955 Chuo Kikuu cha Melbourne kilimpa kazi, akarudi Australia, safari hii kwa hiari yake. Kitabu chake cha mbio kilitoka mwaka huo huo, kikiwa na ratiba za mwezi kwa mwezi kwa kila umbali.

Ila Melbourne kulikuwa na fahali mwingine. Percy Cerutty, mzee mwenye maneno mengi na nywele nyeupe, aliwakimbiza vijana wake kwenye vilima vya mchanga kando ya bahari huko Portsea. Aliwalisha shayiri mbichi, akawabebesha vyuma vizito, na kuidharau waziwazi saa ya Stampfl. Kwake mazoezi ya uwanjani ya kuhesabiana sekunde yalikuwa utumwa. Magazeti yalishabikia uhasama huo, na Agosti 6, 1958 ukaamuliwa Dublin, Ireland. Herb Elliott wa Cerutty alikimbia maili kwa 3:54.5. Merv Lincoln wa Stampfl alimaliza kwa 3:55.9, akaipiga chini rekodi ya zamani ya dunia na bado akashindwa. Mchanga ulishinda saa siku hiyo, na Lincoln alishindwa na Elliott mara nyingi zaidi ya hapo. Kuna wanaosema hilo lilithibitisha kwamba sayansi ya Stampfl ilikuwa na kikomo. Mimi naona Elliott angemshinda yeyote wakati ule, na pia vilima vile vya mchanga vilikuwa mazoezi ya nguvu ya hali ya juu, hata kama Cerutty hakutaka kuyaita sayansi.

Stampfl alisubiri miaka kumi kupata jibu lake, na jibu lilitugusa sisi.

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Ralph Doubell, alikuwa mkimbiaji wa kawaida alipoanza na Stampfl. Kufikia Olimpiki ya Mexico City mwaka wa 1968 alikuwa kwenye fainali ya mita 800. Kando yake alisimama mwanajeshi wetu Wilson Kiprugut Chumo kutoka Kericho, aliyeletea Kenya medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mbio hizo hizo kule Tokyo 1964. Hewa ya Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa kama ya nyumbani kwa Kiprugut. Siku mbili kabla, Naftali Temu alikuwa ameshinda mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Kenya. Ilionekana ya pili iko njiani.

Kiprugut aliongoza kama kawaida yake, kwa kasi ya kuua. Doubell alibaki nyuma akipoa. Walipoingia mita mia za mwisho Mkenya bado alikuwa mbele, na Mwaustralia akaanza kuja, hatua kwa hatua, akampita utepe ukiwa karibu. Doubell 1:44.3, sawa na rekodi ya dunia ya Peter Snell. Kiprugut 1:44.5. Mtu wa pwani ya Australia alikuwa amemshinda mtu wa milimani katika uwanja wa milimani. Inauma hata leo ukiitazama video. Lakini mbio za dakika moja na sekunde 44 hazimpi mtu wa nyanda za juu faida kubwa kama mbio ndefu, na mazoezi ya intavali ya miaka kadhaa yalikuwa yamemfunza Doubell kuongeza kasi wakati miguu ya wengine imejaa tindikali.

Stampfl aliendelea kufundisha Melbourne, akipokea wanafunzi wa kila kiwango. Mwaka wa 1980 ajali ya gari ilimwacha amepooza mikono na miguu. Mtu aliyetumia maisha yake kupima ni kiasi gani mwili unaweza kubeba sasa hakuweza kubeba saa yake. Hakuacha. Alipelekwa uwanjani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akatazama jinsi kijana anavyopumua baada ya kipande, akaamua kama aongeze au asimamishe. Aliendelea hivyo kwa miaka, na akafa Melbourne Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 81.

Muda wa Doubell ulibaki rekodi ya Australia kwa karibu miaka 50. Hatimaye ulivunjwa Julai 2018 kule Monaco na kijana wa miaka 20, Joseph Deng, aliyekimbia 1:44.21. Deng alifika Australia akiwa mtoto, mkimbizi wa asili ya Sudan Kusini. Alizaliwa katika kambi ya Kakuma, hapa Kenya.